Khati, Muhuri na Ghala: Taarikhi ya Ilani ya Usalama

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ianzayo kwenye mdomo wa Mto Ruvuma na kuteremka kusini kwa Palma, Mocímboa da Praia, Visiwa vya Kirimba na Kisanga hata kufikia ghuba ya Pemba ya Msumbiji, ni pwani ambayo watu wake, Wamwani na jirani zao Wamakonde na Wamakua, wamejifunza tangu zamani kwamba habari ya hatari ina mashaka mawili ndani yake: la kwanza ni kuchelewa, maana habari iliyofika baada ya adui kushuka pwani haimfai aliyekwisha porwa, na la pili ni uongo, maana habari isiyo ya kweli huwatoa watu majumbani mwao na kuiacha mali yao haina mlinzi. Makala haya yanakusudia kueleza taarikhi ya kazi moja ya zama zetu, ambayo wengi hufaidika nayo kila siku pasi na kuijua, nayo ni kazi ya kutangaza ilani za usalama katika maghala ya programu za Linux. Na yanaanzia katika pwani hiyo kwa sababu masuala yaliyowashughulisha mafundi wa Ulaya na Marekani kwa miaka isiyopungua 15 ni yale yale waliyokuwa nayo makarani wa Ibo na Kisanga, kila walipokaa kuandika waraka wa kupelekwa mbali.

Tusemapo hatari hatusemi jambo la kufikirika. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 na ile ya mwanzo ya karne ya 19, majeshi ya mitumbwi kutoka Bukini, yaani Madagaska, ya Wasakalava na Wabetsimisaraka, yalivuka bahari na kuishambulia pwani hii mara kwa mara, yakawateka watu wa Visiwa vya Kirimba, yakaharibu makazi yao, na kwa upande wa kaskazini yakafika hata Mafia, ambako mji wa Kua uliangamia. Ngome ya São João, iliyojengwa na Wareno katika kisiwa cha Ibo mwaka 1791, ingali imesimama. Lakini ngome huwafaa waliomo ndani yake tu, na wakazi wa visiwa vidogo na wa vijiji vya ng'ambo walitegemea kuambiwa mapema. Kila Mswahili anajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Walakini mbiu huishia hapo hapo, haisemi ni jambo gani, wala limetoka upande gani, wala ni nani aliyeamuru ipigwe, na aliye mbali na mlio wake hapati chochote. Aliyetaka kumwarifu mtu wa mbali kwa tafsili hakuwa na njia bora kuliko waraka.

Nyaraka za namna hiyo zipo hadi leo. Katika Arquivo Histórico de Moçambique, nyumba ya kumbukumbu iliyoanzishwa mwaka 1934 katika mji ambao sasa unaitwa Maputo, zimehifadhiwa, miongoni mwa makaratasi ya serikali ya Kireno ya Cabo Delgado ya karne ya 19, barua nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu, ambazo mwanahistoria Liazzat Bonate amezishughulikia na kuwatambulisha wasomi wenziwe thamani yake. Masheikh na wakubwa wa pwani, kama vile Bwana Shaki bin Abdulatifu wa Kisanga, waliwaandikia watawala wa Kireno kwa khati hiyo. Machifu wa bara nao waliweka makarani wa kuwaandikia. Na Wareno, ambao aghalabu hawakuisoma khati hiyo, iliwabidi watafute wakalimani wa kuwafasiria. Almuradi, kwa muda mrefu shughuli za utawala, biashara na vita za upande huu zilipita katika waraka wa Kiswahili.

Barua ya kipwani ilikuwa na ada yake, na ada hiyo haikuwa pambo. Mwandishi alianza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, akamtaja anayeandikiwa kwa jina lake, nasaba yake na cheo chake, akamsalimu kwa kirefu, ndipo akafika kwenye makusudio yake. Akisha kueleza akaweka tarehe ya Hijra, akaandika kwamba fulani bin fulani ameyaandika haya kwa mkono wake, au kwamba yameandikwa kwa idhini yake, na mwenye hadhi akagonga muhuri. Aghalabu alimtaja pia aliyeichukua barua, ili mpokeaji ajue kwamba mtu aliyesimama mlangoni ndiye aliyetumwa. Kwa hivyo waraka mmoja ulibeba vitu viwili: habari yenyewe, na maelezo ya kuithibitisha habari, yaani nani amesema, lini, kwa mkono wa nani, na kwa njia ipi. Maelezo haya ya pili ndiyo ambayo mafundi wa leo huyaita metadata, na tutakavyoona, taarikhi nzima ya ilani za usalama ni taarikhi ya kuyatengeneza hayo.

Ada hiyo, pamoja na uzuri wake, ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Muhuri ulithibitisha karatasi moja tu, ile iliyogongwa. Mtu akiinakili barua ili aipeleke vijiji kumi, nakala zile kumi hazikuwa na muhuri, na aliyezipokea ilimpasa amwamini mnakili. Isitoshe, barua ya kweli iliyoandikwa zamani ingeweza kuletwa leo na mtu mwenye hila, na asiyeitazama tarehe akaidhani mpya. Nahodha aliyekaa na barua mkobani msimu mzima akingoja upepo hakusema uongo, lakini amani aliyoichukua katika karatasi huenda imekwisha geuka vita kabla hajatia nanga.

Mambo ya dola yalibadilika upesi. Februari 1887 Wareno waliitwaa kwa nguvu ghuba ya Tungi, ambayo Sayyid Barghash wa Unguja alikuwa akiidai kuwa milki yake. Mwaka 1891 nchi yote baina ya Ruvuma na Lúrio ikakabidhiwa kampuni iliyoitwa Companhia do Nyassa, ikaitawala hadi 1929. Makao makuu ya wilaya nayo yakahamishwa kutoka Ibo kwenda Porto Amélia, ndio Pemba ya leo. Kireno na khati ya Kilatini vikawa ndivyo vya serikali, na khati ya Kiarabu ikarudi katika vyuo vya Kurani na katika barua za watu wenyewe kwa wenyewe. Lakini suala la namna ya kuisadiki habari ya hatari iliyotoka mbali halikwenda pamoja na watawala wale. Lilirejea, kwa sura nyingine, katika mashine.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa Linux. Na tarehe 16 Agosti 1993 Ian Murdock, naye akiwa mwanafunzi huko Marekani, akatangaza mradi aliouita Debian, ambao ulikusudia kuzikusanya programu nyingi za bure zilizotawanyika na kuzipanga mahali pamoja, kila moja katika kifurushi chake, ili mtu aweze kujipatia mfumo mzima pasipo kuhangaika. Mahali hapo ndipo tunapopaita ghala. Ghala la Linux si duka, kwa kuwa halina bei, wala si maktaba, kwa kuwa vitu vyake hubadilika kila siku: programu moja huwa na toleo la jana na toleo la leo, na tofauti baina yao yaweza kuwa ndogo mno kwa macho, ilhali ndiyo inayoziba tundu ambalo mwizi angeingilia. Machi 1999, katika Debian 2.1, ikatolewa programu iitwayo APT, ambayo kazi yake ni kwenda ghalani, kusoma orodha, kulinganisha na kilichomo katika kompyuta, na kuleta kilicho kipya pamoja na vyote kinavyovitegemea.

Miaka ya mwanzo, ilani ya usalama ilikuwa ni maneno matupu yaliyoandikwa na binadamu ili yasomwe na binadamu: programu fulani ina udhaifu, toleo fulani limeutengeneza, tafadhali badilisheni. Udhaifu mmoja uliitwa majina matatu na waandishi watatu, na msimamizi wa kompyuta hakujua kama anaonywa juu ya hatari tatu au moja. Ndipo mwaka 1999 shirika la MITRE la Marekani likaanzisha orodha ya CVE, ambayo huupa kila udhaifu nambari yake moja yenye mwaka ndani yake, na tangu hapo ilani ya Debian, ya Red Hat au ya mfumo mwingine wowote ikaweza kusemwa kwamba inahusu jambo lile lile. Ilani yenyewe nayo ikapata nambari: za Debian huanza kwa herufi DSA, za Red Hat kwa RHSA, za Ubuntu kwa USN. Hivyo mambo matatu ambayo karani wa Kisanga aliyahitaji, yaani nani anasema, lini, na juu ya nini, yakawa yamepata mahali pake maalumu katika waraka wa mashine.

Likabaki lile la muhuri. Ghala la Debian halikai mahali pamoja. Limenakiliwa katika seva nyingi za vyuo vikuu na makampuni duniani kote, kwa hisani ya wenye seva hizo, ili mtu achukue kutoka iliyo karibu naye. Kwa miaka kadhaa APT ilichukua vifurushi kutoka katika nakala hizo pasi na kuuliza kama vimeguswa njiani, na aliyevichukua hakuwa na dhamana ila tabia njema ya mwenye seva. Novemba 2003 wezi waliingia katika baadhi ya kompyuta za mradi wa Debian wenyewe. Ghala likakutwa limesalimika baada ya kukaguliwa, lakini fadhaa iliyoingia ilitosha kuwaonyesha watu kwamba kheri ya kusalimika na uhakika wa kusalimika ni vitu viwili mbali mbali. Debian 4.0, iliyotoka Aprili 2007, ikawa ya kwanza katika matoleo yake kuthibitisha vifurushi kwa sahihi ya kidijitali kabla ya kuviingiza.

Utaratibu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana umetulia kama hesabu ya mirathi. Juu ya yote pana faili moja fupi, nayo huitwa Release. Ndani yake mna jina la aliyelitoa ghala, jina la toleo, tarehe na saa, kisha safu ndefu ya majina ya faili nyingine, na mbele ya kila jina pana herufi na tarakimu 64 ambazo hupatikana kwa kuipitisha faili nzima katika hesabu maalumu, kiasi kwamba ikibadilika nukta moja tu ndani ya faili, herufi zile hubadilika karibu zote. Faili hizo zilizotajwa ni orodha za vifurushi, na katika orodha hizo kila kifurushi nacho kimeandikiwa alama zake 64. Wenye mradi hutia sahihi faili ile moja ya juu kwa ufunguo wa siri ambao hautoki mikononi mwao, na kila kompyuta ya mtumiaji ina ufunguo wa pili, ulio wazi, wa kuikagua sahihi hiyo. Basi sahihi huithibitisha Release, Release huzithibitisha orodha, orodha huvithibitisha vifurushi, na mlolongo huo ukikatika popote APT hukataa, ikasema kwamba haikubali.

Jambo kubwa lililopatikana hapo, na ambalo mihuri ya nta na wino haikupata kulifanya, ni kwamba nakala ina nguvu sawa na asili. Faili iliyotiwa sahihi inaweza kunakiliwa mara elfu, ikapita kwa mtu mwema na mtu mbaya, ikachukuliwa kwa waya, kwa setilaiti au kwa diski mfukoni mwa msafiri, na mwisho wa safari ikakaguliwa kana kwamba imetoka sasa hivi mkononi mwa aliyeiandika. Mchukuzi hahitaji tena kuaminiwa. Ambalo linabaki kuaminiwa ni ufunguo, na ufunguo wa mwanzo huja mara moja tu, pamoja na diski ya kwanza aliyoitumia mtu kuuweka mfumo wake. Hadi mwaka 2011 wenye Ubuntu, mradi ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, walikuwa wakiwapelekea watu diski za bure kwa posta, na watu wengi wa Afrika waliipata Linux kwa njia hiyo. Kwa hiyo ufunguo ulikuja kwa bahasha na habari zikaja baadaye kwa njia nyingine, na mtu mwovu aliyetaka kudanganya ilimlazimu aziteke njia zote mbili.

Walakini sahihi haikumaliza hila zote, na mwaka 2008 mtafiti Justin Cappos na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Arizona walilionyesha hilo kwa namna iliyowatia wengi haya. Walijitokeza kwa jina la kampuni isiyokuwapo, wakakodi seva, wakaomba ziandikishwe kuwa nakala rasmi za mifumo kadhaa mashuhuri ya Linux, na wakakubaliwa. Hawakudhuru mtu, lakini hoja yao ilikuwa wazi: mwenye seva ya nakala hawezi kughushi sahihi, ila anaweza kuacha kuleta jipya, akaendelea kutoa orodha ya mwezi uliopita, ambayo sahihi yake ni halali kabisa, na kompyuta zinazomtegemea zikaamini kwamba hakuna ilani iliyotoka, wakati adui anazijua tundu zote zilizokwisha tangazwa. Hii ni ile barua ya kweli iliyochelewa, isipokuwa hapa kuchelewa ndiko kulikokusudiwa.

Dawa yake ilikuwa ni tarehe ya mwisho. Katika Release ya ghala la usalama la Debian ukaongezwa mstari uitwao Valid-Until, unaotaja siku na saa ambayo orodha hiyo itakoma kuwa na nguvu. Ikipita, APT huikataa na kumwambia msimamizi kwamba muda wake umekwisha. Toleo kuu la Debian lililo imara halina mstari huo, kwa kuwa orodha yake haibadiliki ila mara chache, lakini la usalama linao, na hutiwa sahihi upya kila mara hata kama hakuna jipya la kusemwa, ili kimya cha wenye ghala kiweze kutofautishwa na kimya cha aliyezuia habari. Hapa tarehe ilitoka katika daraja ya adabu ya uandishi ikawa sehemu ya ulinzi. Na ikazaa mashaka yake madogo: kompyuta ambayo betri ya saa yake imekufa, ikaamka asubuhi ikidhani ni mwaka 1970, huikataa orodha sahihi ya leo kwa hoja kwamba wakati wake haujafika.

Upande wa pili wa nyumba ya Linux, ule wa Red Hat na jamaa zake, kazi ilikwenda kwa njia nyingine. Huko ghala lina faili ya juu iitwayo repomd, na miongoni mwa inazozitaja mna moja iitwayo updateinfo, ambayo ni daftari la ilani lenyewe lililoandikwa kwa mpango ambao mashine inaweza kuusoma: nambari ya ilani, kichwa chake, tarehe ya kutolewa, uzito wa hatari, nambari za CVE, na majina ya vifurushi vinavyoitibu. Katika Fedora, mmoja wa jamaa hao, tangu toleo la 7 la mwaka 2007, daftari hilo hutengenezwa na mtambo uitwao Bodhi, ambamo mtunzaji wa kifurushi hueleza ni kwa nini analitoa sasisho lake na wenziwe hulijaribu kabla halijatangazwa. Faida yake ni kwamba msimamizi anaweza kuiamuru kompyuta ilete yale ya usalama tu, na kuyaacha mengine hadi awe na nafasi. Na kwa mtu alipaye intaneti kwa kipimo, hiyo si faida ndogo.

Lakini daftari lisipoandikwa, faida ile hugeuka mtego. CentOS, iliyoanza mwaka 2004 kwa kuvijenga upya vifurushi vya Red Hat na kuvitoa bure, ilipendwa na maofisi na vyuo vingi duniani kwa sababu ya uimara wake na kukosa malipo; nayo ilileta masasisho yote, ya usalama na yasiyo ya usalama, pasi na kuiweka updateinfo katika maghala yake. Msimamizi aliyeiamuru kompyuta yake ya CentOS ilete masasisho ya usalama peke yake alijibiwa kwa adabu kwamba hakuna hata moja linalohitajika, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, na dawa zote zimo ghalani zinamsubiri. Hapana aliyesema uongo: mashine iliulizwa kilichoandikwa daftarini, na daftarini hapakuwa na kitu. CentOS 8 ilipofikishwa mwisho wake Desemba 2021, na CentOS 7 Juni 2024, watu wengi walihamia AlmaLinux na Rocky Linux, zilizoanza kutolewa mwaka 2021, nazo zimeshika kazi ya kuziandika ilani zao katika maghala.

Debian nayo ilikuwa na funzo la jinsi yake. Hadi toleo la 10, anwani ya ghala lake la usalama iliandikwa kwa jina la toleo likifuatwa na mkwaju na neno updates, na kulikuwa na ghala jingine, lisilo la usalama, ambalo jina lake lilikaribia kufanana na hilo kwa kistari badala ya mkwaju, watu wakachanganyikiwa. Toleo la 11 lilipotoka Agosti 2021 jina likabadilishwa, likawa wazi kwamba ni la usalama. Mabadiliko yalikuwa ya haki, lakini aliyehamia toleo jipya kwa kubadilisha jina la toleo peke yake, akauacha mkwaju wa zamani, alijikuta anagonga mlango ambao nyuma yake hapana nyumba.

Sasa turudi pwani, tuuone utaratibu huu ukifika kwa watu ambao hawakuwapo ulipotungwa. Hadi mwaka 2009 karibu pwani yote ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa polepole. Julai mwaka huo kebo ya SEACOM ikaanza kazi, ikipita Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kebo hizo zilipita baharini mbele ya Cabo Delgado pasi na kutua, na mkoa ukaunganishwa kwa nyaya na minara ya nchi kavu, ambayo urefu wake ndio udhaifu wake. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii kaskazini ya Pemba, kikabomoa sehemu kubwa ya nyumba za Ibo na kukata mawasiliano; Agosti 2020 Mocímboa da Praia ikaangukia mikononi mwa wapiganaji, ikakaa hivyo mwaka mzima hadi ilipokombolewa Agosti 2021; na Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 simu zilikatika, na jamaa waliokuwa nje hawakujua kwa siku kadhaa nani yu hai. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zote mbili zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika kutoka Msumbiji hadi Tanzania na Kenya.

Katika hali kama hizo hapana aliye na wasaa wa kufikiria ilani ya programu, na ni haki, kwa kuwa uhai hutangulia. Lakini mawasiliano yakisharejea, kompyuta ya hospitali, ya forodha au ya chuo iliyokaa gizani wiki tatu hurudi mtandaoni ikiwa na tundu zote zilizotangazwa katika wiki hizo tatu, na wenye nia mbaya hawakuwa gizani. Hapo ndipo thamani ya utaratibu tulioueleza inapoonekana: msimamizi aliyeko Pemba aweza kupokea ghala zima katika diski iliyonakiliwa Nampula au Dar es Salaam, ikaletwa kwa lori au kwa jahazi, na kompyuta yake ikaikagua sahihi bila ya kumjua dereva wala nahodha. Na hapo hapo ndipo Valid-Until inapomwumiza, kwa sababu diski iliyochukua siku nyingi njiani orodha yake ya usalama huenda imekwisha muda, na APT ikaikataa ingawa hapana aliyeighushi.

Wapo wanaosema kwamba sheria hiyo ilitungwa na watu wenye intaneti isiyolala, na kwamba inawaonea walio pembezoni. Nao wana sehemu ya haki, kwa sababu njia ya kuulegeza mstari ule ipo, na anayeulegeza leo kwa dharura mara nyingi husahau kuukaza kesho. Lakini kwa rai yangu sheria ni njema. Mashine inayokwambia kwamba habari uliyonayo imezeeka imekufanyia insafu ambayo barua haikuweza kumfanyia mpokeaji wake, aliyelazimika kuhesabu misimu kwa vidole akikisia kama bado amani ipo. Kosa haliko katika kuandika tarehe. Kosa liko katika umbali baina ya ghala na anayelihitaji, na umbali huo ni jambo la kupunguzwa na watu.

Wa kuupunguza wapo. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006, kina kitivo cha uhandisi hapo hapo Pemba, na nchi ina MoRENet, mtandao wa kuviunganisha vyuo na taasisi za utafiti. Nakala kamili ya ghala la usalama ni kitu ambacho diski moja ya kawaida hukibeba, na ikiwekwa Pemba, ikasasishwa kila siku kebo zinapofanya kazi, itazihudumia wilaya zote za pwani hata siku ambazo Maputo haipatikani. Basi wenye kuvisimamia vyuo hivyo na walifanye hilo. Wenye kuzisimamia kompyuta za maofisi na wazikague saa za mashine zao na anwani za maghala yao, wala wasikinai na jibu la kwamba hakuna sasisho hadi wajue kwamba ghala lao huandika ilani. Na sisi wenye Kiswahili na Kimwani tuzifasiri ilani zilizo nzito kwa lugha ambayo watu wa Ibo, Palma na Mocímboa da Praia wanaielewa, maana ilani isiyosomwa haimlindi mtu.